Kuchimba, Kufukua, Kuficha: Maneno ya Mashimo na Makazi ya Wanyama

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, nipo na kaka yangu Salim, na leo tunakaa na maneno ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja: kuchimba, kufukua na kufukia. Kaka Salim, mada hii umeileta wewe, tena umeileta kwa uchungu.

SALIM: Ahsante, dada Rehema. Uchungu huo ulinipata niliposikia ikitangazwa kwamba mahakama imeamuru mwili wa marehemu "uchimbwe". Mwili hauchimbwi. Kinachochimbwa ni kaburi, kabla ya maziko. Mwili ukishazikwa, na ikatokea haja ya kuutoa, hufukuliwa. Anayechimba hutafuta nafasi, maji au madini katika ardhi, ilhali anayefukua anajua, au walau anashuku, kwamba kuna kitu ambacho mkono wa mtu ulikwisha kukifukia pale.

REHEMA: Ndiyo maana wanasiasa wanaotaka mambo ya zamani yaachwe yalivyo husema "tusifukue makaburi". Wangesema "tusichimbe makaburi", maana ingegeuka kabisa.

SALIM: Ingegeuka, kwa sababu kuchimba kaburi ni kujiandaa kwa msiba unaokuja. Sasa tazama jozi hizi: kufukia na kufukua, kuficha na kufichua, kufunika na kufunua. Mwisho ule wa "-ua" hutengua tendo lililotangulia. Lakini ukiupeleka kwenye kuchimba, ukapata kuchimbua, hautengui chochote; anayechimbua harudishi udongo shimoni, bali huleta juu kilichokuwa chini. Ndugu yake wa karibu ni chimbuko, yaani mahali jambo linapoanzia, na kwangu hilo ni miongoni mwa maneno mazuri kuliko yote tuliyo nayo.

REHEMA: Mimi nimekulia Kanda ya Ziwa, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu huliita shimo lao duara, na anayelimiliki ni mwenye duara. Eneo zima ni machimbo. Vijana wa mjini wamelichukua neno chimbo wakalipa maana ya mahali pasipojulikana na wengi ambapo bidhaa nzuri hupatikana kwa bei nafuu. Nayo magazeti ya michezo huandika kwamba timu "imejichimbia" kambini, ingawa wachezaji wamelala hotelini na hakuna aliyeshika jembe.

SALIM: Matumizi hayo siyapingi, kwa kuwa yameshika kiini cha neno: aliyejichimbia amejitenga na macho ya watu. Kuna na msemo wa safari za mabasi, "kuchimba dawa". Kondakta akitangaza kwamba basi litasimama ili abiria wachimbe dawa, kila mtu anaelewa kwamba ni haja ya mwili. Mizizi ya dawa huchimbwa porini, na anayeingia porini kuitafuta hafuatwi wala haulizwi. Neno la kuchimba limepewa kazi ya kuficha, na limeifanya kwa heshima.

REHEMA: Twende kwa wanyama. Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi, kwa maana siku hizi watoto wanaambiwa "nyumba ya ndege", "nyumba ya nyuki", "nyumba ya mchwa", kana kwamba kiota, mzinga na kichuguu vimefutwa katika lugha.

SALIM: Na kila neno lina habari ndani yake. Kiota hujengwa na ndege mwenyewe. Mzinga, kwa kawaida, ni mtu aliyeuchonga na kuutundika mtini. Zizi na banda ni vya mfugaji. Simba au popo akikaa pangoni, pango hakulichimba yeye. Ukisema "nyumba" kwa vyote hivyo, msikilizaji hajui tena nani alifanya kazi.

REHEMA: Na wale wanaochimba kwa makucha yao wenyewe?

SALIM: Hapo bingwa ni mhanga, yule mnyama wa porini mwenye pua ndefu na masikio makubwa. Hula mchwa na siafu usiku, na mashimo anayoyaacha hurithiwa na fisi, nungunungu na ngiri. Ngiri huingia humo kinyumenyume, ili pembe zake zibaki zikitazama mlangoni. Kwetu Muheza, hata hivyo, tuliyemjua zaidi alikuwa fuko. Baba alikuwa akiona mhogo umenyauka juu huku ardhi haina alama, anaung'oa na kukuta kiazi kimeliwa kwa chini. Fuko haonekani, kinachoonekana ni kifusi kidogo cha udongo mbichi. Mjini tunasikia tu kwamba "panya wengi hawachimbi shimo", ila yule mmoja, fuko, alitumalizia shamba.

REHEMA: Kuku naye hachimbi.

SALIM: Kuku huchakura, au hupekua. Askari anapokuja na hati ya upekuzi, neno lake limetoka miguuni mwa kuku: kutawanya vilivyo juu ili kuona kilicho chini.

REHEMA: Hilo linanikumbusha panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama.

SALIM: Umenipa mfano ninaoutaka. Panya buku kwa asili ni mchimbaji, makazi yake ni shimo na chakula chake hukificha humo. Lakini kazini amefundishwa asichimbe. Akinusa baruti hukwaruza udongo wa juu, na kwa kuwa ni mwepesi, bomu halilipuki chini yake.

REHEMA: Kwa hiyo anayesimulia kwamba panya yule "huchimba mabomu"…

SALIM: Amemuua panya, dada. Bomu lilifukiwa na mtu. Panya hukwaruza na kulifichua, kisha mtaalamu huja na vifaa vyake, akapiga magoti, akalifukua taratibu.