Walijipanga Kabla: Wanawake wa Montgomery na Mgomo wa Mabasi

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tuna mada mliyotuomba: wanawake wafanye nini kwa pamoja dhidi ya ubaguzi wa rangi. Da Salome amekataa tuanze na Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi.

SALOME: Nimekataa, mdogo wangu, kwa sababu tukianza naye inaonekana kama mama mmoja alichoka, akagoma kuinuka kwenye kiti, mji mzima ukasusia mabasi. Haikuwa hivyo. Pale Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, kulikuwa na chama cha wanawake weusi, Women's Political Council, kilichoanzishwa na Mary Fair Burks mwaka 1946. Wengi walikuwa walimu. Walihimiza watu wajiandikishe kupiga kura, na walipokea malalamiko ya abiria.

REHEMA: Malalamiko gani hasa?

SALOME: Unalipa nauli mlango wa mbele, halafu unaamriwa ushuke ukapandie wa nyuma. Mara nyingine dereva anaondoka hujafika mlangoni, na nauli yako ameshaichukua! Viti vya mbele vya Wazungu viko wazi, wewe umesimama na mizigo. Basi Mei 1954, mwenyekiti wao Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, akamwandikia meya: mambo yasipobadilika, watu watagomea mabasi. Parks alikuwa bado hajakamatwa, ilibaki zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

REHEMA: Kumbe mpango ulishakuwapo.

SALOME: Ulikuwapo. Parks akakamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955. Usiku huohuo Robinson akaingia chuoni na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakadurufu makumi ya maelfu ya vipeperushi. Kesho yake wakavisambaza mtaa kwa mtaa, maana walishajua nani yuko wapi. Jumatatu mabasi yakapita karibu matupu.

REHEMA: Mimi anayenigusa ni Georgia Gilmore. Mpishi, mama wa watoto sita. Yeye na wenzake walikaanga kuku, wakaoka keki na pai, wakauza kwenye saluni na majumbani, pesa zote zikaenda kwenye mgomo. Zikanunua petroli ya magari yaliyobeba watu kazini. Wengi wa wapishi hao walifanya kazi za ndani kwa Wazungu, na wangejulikana wangefukuzwa. Kwa hiyo kundi likaitwa Club from Nowhere, yaani klabu isiyotoka popote, na aliyeyajua majina ya waliochangia ni Gilmore pekee.

SALOME: Naye mwenyewe alifukuzwa kazi.

REHEMA: Alifukuzwa, baada ya kutoa ushahidi mahakamani mwaka 1956. Akahamishia biashara jikoni kwake.

SALOME: Na mabibi wa Kizungu je? Baadhi yao walikuwa wakiwachukua wafanyakazi wao wa ndani kwa magari yao, mpaka meya akawasihi waache. Mimi siwezi kuuita usafiri wote huo mshikamano. Wengine walitaka tu nguo zifuliwe. Lakini uliusaidia mgomo kudumu siku 381.

REHEMA: Na kesi ya kupinga ubaguzi kwenye mabasi iliyoumaliza mgomo, Browder v. Gayle, ilikuwa na majina ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith. Colvin alikuwa amekamatwa Machi 1955, ana miaka 15.

SALOME: Sasa wapo akina mama wa Kiafrika Uingereza ambao watoto wao wanasumbuliwa shuleni kwa sababu ya nywele. Nawaambia, msisubiri mtoto afukuzwe ndipo mtafutane. Tafutaneni sasa. Kila tukio liandikwe: tarehe, nani alisema nini, nani alikuwapo. Someni mwongozo wa Equality and Human Rights Commission, tume ya usawa na haki za binadamu ya huko, wa Oktoba 2022, unaozungumzia hasa nywele za asili shuleni.

REHEMA: Na mchango?

SALOME: Anzeni kuchanga hata kidogo kila mwezi, kama kikoba, maana wakili anaweza kuhitajika ghafla. Asiyeweza kuonekana kwa sababu ya kibali chake au kazi yake asilazimishwe kusimama mbele. Apike, atafsiri barua, akae na watoto wa wenzake. Na mama akiitwa na mwalimu mkuu asiende peke yake. Aongozane na mwenzake, huyo kazi yake iwe moja tu: kuandika yanayosemwa.