Anayetafuta Mtoto Asidungwe Testosteroni

Wenzangu, nitalirudia lile lile hadi lisikike: mwanamume anayetafuta mtoto asidungwe testosteroni, yaani homoni ya kiume.

Najua swali lenu. Si homoni hiyo hiyo ndiyo inayokomaza mbegu za kiume? Ndiyo, bila yake hazikomai. Lakini inahitajika ndani ya korodani. Seli za Leydig huitengenezea humo humo, na kiwango chake huko huzidi cha kwenye damu kwa makumi ya mara. Sindano ya kawaida haiwezi kukifikia.

Sasa angalieni ubongo. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, hutoa homoni ya GnRH kwa vipindi, na pituitari, tezi iliyo chini yake, ikajibu kwa homoni mbili za kuiamuru korodani, LH na FSH, na LH ndiyo inayoziamsha seli za Leydig. Ukidunga testosteroni, ubongo unaiona imejaa kwenye damu, unanyamaza. LH inashuka, FSH inashuka, seli za Leydig zinalala. Kipimo cha damu kinapendeza, misuli inajaa, mgonjwa anakushukuru, na korodani imekauka! Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wake: wanaume wenye afya walidungwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao mbegu zikaisha kabisa kwenye manii. Ulikuwa utafiti wa uzazi wa mpango, jamani! Kilichojaribiwa kuzuia mimba ndicho tunachowaandikia wanaoitafuta?

Atasema mtu, "Basi aache, zitarudi." Kwa wengi hurudi, lakini kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Pituitari iamke kwanza, kisha mbegu ichukue takriban siku 74 kuundwa, ndipo ipite kwenye epididimisi, mrija ulio nyuma ya korodani. Mke mwenye miaka 39 mnamwambia nini?

Muda unanibana, FSH naipitia haraka. Seli changa za mbegu hazipokei amri ya testosteroni moja kwa moja. Zinalelewa na seli za Sertoli, na hizo ndizo zinazopokea testosteroni na FSH pia. Sertoli nazo huirudishia pituitari taarifa kwa homoni ya inhibini B. Mbegu zikikosekana na FSH iko juu, ishukuni korodani yenyewe. FSH na LH zikiwa chini sana, tazameni ubongo, au sindano ambayo mgonjwa hakuitaja. Muulizeni, tena faragha: sindano, jeli, vidonge vya kujenga misuli. Na ambaye tatizo lake kweli ni pituitari, tunazo hCG, homoni inayofanya kazi ya LH, na FSH za kumdunga, zinazoiamsha korodani ifanye kazi yake. Haya, maswali.