Eutiko Alikaa Dirishani kwa Nini?

REHEMA: Bwana asifiwe, wapendwa.

BARAKA: Amina.

REHEMA: Mpo na sisi walewale. Ila leo kuna jambo geni: Baraka amekuja na karatasi. Mafunzo matatu, tena ameyapigia mstari.

BARAKA: Tumelalamikiwa mno kwamba hatufiki tunakokwenda. Mada ni kukesha kiroho. Gethsemane, Sardi, halafu Herrnhut.

REHEMA: Kabla ya Gethsemane yako, nikupe ya Ijumaa. Ilikuwa zamu yangu kuongoza mkesha. Kufika saa nane usiku nikaona watu wanasinzia, nikamwambia mhudumu mmoja apite polepole, awaguse bega. Basi kuna dada ni nesi, alikuja moja kwa moja kutoka kazini, sare bado iko ndani ya koti. Kuguswa tu, akaruka wima, mikono juu: "Amina! Pokea, Bwana!" Na wakati huo tulikuwa tunatangaza funguo zilizookotwa chooni.

BARAKA: (anacheka) Funguo zimepokelewa.

REHEMA: Mwenye funguo ndiye aliyecheka kwanza.

BARAKA: Lakini mlimwonea. Mtu amesimama na wagonjwa kutwa nzima. Mngemletea shuka.

REHEMA: Shuka? Kwenye mkesha? Angetaka shuka angebaki kwake.

BARAKA: Dada Rehema, umemsahau Eutiko.

REHEMA: Jamani, ameanza.

BARAKA: Matendo ya Mitume 20. Wako Troa, siku ya kwanza ya juma, Paulo kesho yake anasafiri, kwa hiyo anataka kumaliza yote aliyonayo. Orofa ya tatu, taa nyingi, usiku wa manane. Luka hakuzitaja zile taa bure. Taa za mafuta, watu wamejaa, hewa nzito. Kijana huyu Eutiko akaenda dirishani apate hewa. Yaani alikuwa anapigana na usingizi!

REHEMA: Hayo ya hewa umeyaongeza wewe. Luka kasema ameketi dirishani, basi. Mtu anayejua ana usingizi hakai dirishani orofa ya tatu, anakaa mbele.

BARAKA: Mbele kumejaa.

REHEMA: Uliona wapi ibada ambayo mbele kumejaa?

BARAKA: (kicheko) Sawa, hiyo nakuachia. Lakini tazama Paulo alivyofanya kijana alipozidiwa na usingizi akaanguka chini. Akashuka, akamwangukia, akamkumbatia, akasema uzima wake ungalimo ndani yake. Hakumkemea hata neno moja.

REHEMA: Halafu akapanda tena akaongea mpaka alfajiri! Hapo mbona unaruka? Kijana kaanguka, kainuliwa amekufa, kafufuka, na mhubiri hakufupisha.

BARAKA: Alimega mkate kwanza. Alikula.

REHEMA: Kisha akaendelea. Huyo ndiye mhubiri wangu.

BARAKA: Mimi ningependa kujua Eutiko alirudi kukaa wapi.

REHEMA: Chini. Sakafuni kabisa, ameegemea ukuta.

BARAKA: Na mhudumu pembeni.

REHEMA: Na mhudumu pembeni, kamshika nguo!

BARAKA: (anacheka) Haya, Gethsemane. Mathayo 26: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni." Lakini Luka ana jambo ambalo wenzake hawana: Yesu aliwakuta wanafunzi wamelala kwa huzuni. Uvivu haukutajwa. Walikuwa wameelemewa. Nenda kwa wale wanawali kumi wa Mathayo 25, waliomngoja bwana arusi na taa zao: wote walisinzia, hata wenye busara. Kufumba macho hakukuwa kesi. Kesi ilikuwa mafuta.

REHEMA: Na mafuta walijiwekea lini? Kabla ya usiku. Wenye busara walikuwa na utaratibu. Ndilo ninalosema siku zote: omba saa ileile, soma ukiwa na hamu au huna. Ukingoja hamu, mwaka utaisha Biblia iko palepale ulipoiweka.

BARAKA: Nimewaona wa saa ileile. Wanaomba huku mkono unapapasa simu. Kanisa la Efeso, kwenye Ufunuo 2, lilikuwa na utaratibu kukuzidi: kazi, taabu, subira, wamewajaribu mitume wa uongo wakawagundua. Bado wakaambiwa wameuacha upendo wa kwanza.

REHEMA: Soma mstari unaofuata.

BARAKA: "Basi, kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu..."

REHEMA: Malizia.

BARAKA: "...ukayafanye matendo ya kwanza."

REHEMA: Matendo! Hakuwaambia wakatafute hisia za kwanza.

BARAKA: Ameanza na kumbuka, akaja na tubu. Matendo ni ya tatu, wewe unaanzia mkiani. Tena matendo walikuwa nayo tayari, si ndiyo amewasifia?

REHEMA: Mtu aliyepoa hakumbuki akiwa kitandani, anakumbuka akiwa amepiga magoti. Mimi nimepitia miezi ya ukavu, naomba nasikia sauti yangu tu. Kilichonishika ni ile saa kumi na moja alfajiri, hakuna kingine. Hamu iliporudi ilinikuta nipo.

BARAKA: Na mimi nilipokauka, ile saa ndiyo iliyonificha. Kila mtu aliniona niko imara, nikaamini na mimi. Siku niliyoacha ratiba nikamwambia Mungu ukweli, kwamba nimemchoka, ndipo tukaanza kuongea. Nabii Eliya, chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, aliomba afe, akalala. Malaika akamwamsha ale. Akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale.

REHEMA: Na kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku 40, mchana na usiku. Umeona shuka hapo?

BARAKA: Sijaona pia akiamshwa aombe.

REHEMA: Ijumaa ijayo namtuma mhudumu yuleyule.

BARAKA: Nitakaa karibu na yule nesi, nimzuie.

REHEMA: Utaguswa na wewe.

(kimya)

REHEMA: Kaka, hapa hatutakubaliana.

BARAKA: Hatutakubaliana.

REHEMA: Na fundi mitambo ananyoosha vidole viwili. Dakika mbili.

BARAKA: Mbili! Basi Sardi, mji wa kale wa Asia Ndogo, haraka. Ngome yao ilikuwa juu ya mwamba, na upande mmoja una genge ambalo wenyeji waliamini halipandiki. Hawakuweka mlinzi. Askari wa Koreshi, mfalme wa Uajemi, wakapanda hapohapo, karne ya 6 kabla ya Kristo. Miaka zaidi ya 300 baadaye mfalme Antioko wa Tatu akauteka mji kwa namna hiyohiyo, ukuta usiolindwa. Ndipo Ufunuo 3 inawaambia, "Uwe mwenye kukesha"...

REHEMA: Hawakuweka mlinzi, Baraka! Umejisikia? Huo ni mfano wangu.

BARAKA: Walinzi walikuwepo upande mwingine. Waliamini ngome, dada, kama wewe unavyoamini...

REHEMA: Muda.

BARAKA: Herrnhut nimeiacha. Wakristo wa Moraviani, Ujerumani, 1727, wanaomba kwa zamu saa 24, na ikaenda zaidi ya miaka 100.

REHEMA: Zamu tena! Unanisaidia kushinda.

BARAKA: Fundi, usikate, nataka kulijibu hilo.