Mkasi Ulipohamia kwa Mwenye Redio

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie udhibiti wa matangazo ya redio. Nimepewa dakika arobaini, na nina hakika nitazizidisha, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Naanzia Minot, mji mdogo katika jimbo la North Dakota, kaskazini kabisa mwa Marekani. Usiku wa tarehe 18 Januari 2002, saa saba na dakika 37, treni ya mizigo iliacha reli nje kidogo ya mji. Mabehewa 31 yalitoka relini. Matangi matano yakapasuka na kumwaga amonia, kemikali ya kutengenezea mbolea ambayo ukiivuta kwa wingi inakuunguza koo na mapafu. Wingu zito likatambaa kuelekea kwenye nyumba za watu. Nje ni baridi ya kukatisha pumzi, mitaa kadhaa umeme umekatika, na watu hawajui wakimbie au wajifungie ndani. Mtu akifikwa na hayo anafanya nini? Anatafuta redio ya betri.

Polisi nao walikuwa wanatafuta redio, ila kwa simu. Vituo sita vya biashara vya mji ule vyote vilikuwa mikononi mwa kampuni moja, Clear Channel, yenye makao yake San Antonio, Texas. Wakapiga simu kwenye kituo kilichopangiwa kazi ya kutoa tahadhari. Ikaita, ikaita, haikupokewa. Baadaye kampuni ilijitetea kwamba mtu alikuwepo studio, na kwamba polisi ndio hawakuutumia mtambo wa dharura inavyopasa. Utetezi huo nauona una ukweli ndani yake. Ila haukati kiu yangu, kwa sababu mji wenye vituo sita ulipaswa kuwa na milango sita ya kugonga. Mtu mmoja alikufa usiku ule, na mamia waliumia.

Mtaniuliza, hayo yanahusiana vipi na uhuru wa kusema? Yanahusiana hivi: hakuna mkubwa yeyote aliyepiga simu Minot akaamuru kimya. Kimya kilikuja chenyewe, kutokana na jinsi mali ilivyokuwa imekusanywa. Na hicho ndicho nitakachoking'ang'ania jioni ya leo. Sisi tukisikia neno udhibiti, macho yanakimbilia serikalini, kwa afisa na kalamu yake nyekundu. Huyo yupo, wala simtetei. Lakini katika redio za Marekani mkasi umehama taratibu kutoka mkono wa serikali kwenda mkono wa mwenye vituo. Tena kadiri vituo vyake vinavyozidi, ndivyo anavyozidi kuutumia kwa niaba ya serikali bila hata kutumwa.

Tuiangalie sheria kidogo, naahidi sitawachosha. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934, iliyoiunda Tume ya FCC, ile ya serikali inayosimamia redio na mawasiliano mengine, ina kifungu cha 326 kinachosema wazi kwamba Tume haina mamlaka ya kudhibiti yanayosemwa redioni. Sheria hiyohiyo inaipa Tume kazi ya kutoa leseni na kuzihuisha. Yaani nakwambia sema utakalo, kisha miaka kadhaa baadaye uje kwangu uombe ruhusa ya kuendelea kuwepo. Si lazima nikufunge mdomo.

Kisha ikaja kesi ya WBAI ya New York. Mwaka 1973, mchana wa saa nane, kituo hicho kilirusha kichekesho cha George Carlin kuhusu maneno yasiyotamkika mbele ya wakwe. Msikilizaji mmoja aliyekuwa garini na mwanawe mdogo akalalamika. Mmoja tu! Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba Tume ina haki ya kuchukua hatua, kwa hoja kwamba redio huingia nyumbani bila hodi na watoto huisikia. Ndipo ukajengeka utaratibu unaotumika mpaka leo: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, maneno machafu ni kosa.

Miaka tisa kabla ya hapo mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema jambo zuri zaidi, ambalo husahaulika. Katika kesi ya Red Lion ya mwaka 1969, majaji walisema haki iliyo kuu katika utangazaji ni ya msikilizaji, si ya mwenye mitambo. Kituo kilichomshambulia mtu hewani kilitakiwa kimpe nafasi ya kujibu. Mwaka 1987 Tume ikaifuta kanuni kuu ya usawa, ya kusikilizisha pande zote za hoja, iliyobeba fikra hiyo. Sililii kanuni yenyewe, maana marais wa vyama vyote viwili waliwahi kuitumia kuwasumbua wapinzani wao. Ninachosikitikia ni kwamba msikilizaji alitolewa kwenye hesabu, na nafasi yake ikakaliwa na mwanahisa.

Hapo sasa tunafika mwaka 1996.

Kabla ya hapo kampuni moja haikuruhusiwa kuzidisha vituo 40 nchi nzima, 20 vya AM na 20 vya FM. Tarehe 8 Februari 1996 Rais Clinton akatia saini sheria mpya. Kikomo cha taifa kikaondolewa kabisa, na katika miji mikubwa kampuni moja ikaruhusiwa kumiliki hadi vituo vinane. Wenye pesa wakaingia sokoni kama nzige. Clear Channel, iliyokuwa na vituo visivyozidi kikomo kile cha zamani, miaka michache baadaye ilikuwa na zaidi ya 1,200. Ikanunua na biashara ya matamasha, na mabango ya barabarani ilikuwa nayo. Msanii aliyekosana nayo kuhusu jukwaa alianza kujiuliza kama nyimbo zake zitaendelea kusikika.

Nimewahi kukalia kiti cha mtangazaji, kwa hiyo naomba niwaingize studio dakika moja. Katika kipindi cha moja kwa moja, unachosema hakitoki hapo hapo. Kuna mtambo unaoishika sauti kwa sekunde saba hivi, halafu ndiyo unaiachia kwenda kwenye mnara. Mezani kuna kitufe. Mpiga simu akitukana, unakibonyeza, na zile sekunde zinamezwa. Msikilizaji anasikia mruko mdogo tu, kama kanda iliyokwaruzwa. Siku za kwanza unakibonyeza kwa matusi. Baada ya miezi kadhaa unajikuta unakibonyeza kwa mtu aliyetaja jina la mdhamini wa kipindi. Baadaye hukibonyezi tena, maana umeshajua ni simu zipi za kutozipokea. Mkuu wako hajakuambia neno. Anakupenda, anakusifu kwamba huna matatizo.

Sasa chukueni kitufe hicho, mkiweke makao makuu ya kampuni yenye vituo elfu moja na mia mbili.

Hesabu iliyonifungua macho ni hii. Aprili 2004 Tume ya FCC ilipendekeza faini ya dola 495,000 dhidi ya Clear Channel kwa sababu ya kipindi kimoja cha Howard Stern, mtangazaji maarufu kwa mdomo usio na breki. Dola 495,000 zilipatikanaje? Faini ya juu kwa kosa moja wakati huo ilikuwa dola 27,500. Kipindi kilisikika kwenye vituo sita vya kampuni hiyo, na katika kila kituo yakahesabiwa makosa matatu. Tatu mara sita ni 18. Zidisha kwa 27,500, utapata jawabu. Mdomo mmoja, asubuhi moja, leseni sita.

Mwenye kituo kimoja angekuwa na theluthi tatu za kuhesabu. Samahani, makosa matatu. (Mnacheka, lakini hesabu haikuwa somo langu.) Anayepeleka sauti ileile kwenye vituo vingi hofu yake inazidishwa kwa idadi ya vituo. Na alivyoogopa! Kampuni haikusubiri hata hiyo faini. Ilimsimamisha Stern mwishoni mwa Februari, siku moja kabla mkuu wake wa redio hajakwenda kuhojiwa bungeni. Mwaka 2006 Bunge likaiongeza faini ya juu, iliyokuwa imeshapanda hadi dola 32,500, mara kumi, ikafika dola 325,000 kwa kosa moja. Stern mwenyewe alikuwa ameshahamia redio ya setilaiti, ambako kanuni hizo hazimfikii.

Mimi Stern simpendi. Vipindi vyake vingi ningevizima mwenyewe. Lakini kuzima redio yangu ni jambo moja, na mtu kunizimia ni jambo jingine.

Waswahili tunasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kampuni kubwa za utangazaji zina mimba kila mwaka: kuna leseni za kuhuisha, kuna kituo cha kununua, kuna muungano unaosubiri idhini ya Tume ileile. Ndiyo maana hoja kwamba mkubwa ana mawakili wa kupambana na serikali naikubali nusu tu. CBS, kampuni ya televisheni, kweli ilipigana kuhusu faini ya dola 550,000 ya tukio la mwimbaji Janet Jackson kufunuliwa titi hewani kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya mwaka 2004, na ikashinda, baada ya miaka minane. Lakini Novemba ya mwaka uleule wa 2004 kampuni mama yake, Viacom, ililipa dola milioni 3.5 kumaliza malalamiko mengine ya uchafu wa lugha, mambo yaishe.

Na hapo ni matusi tu, jambo ambalo angalau lina sheria. Kwenye siasa hakuna hata sheria ya kuisingizia. Baada ya Septemba 11, 2001, ndani ya Clear Channel ilizunguka orodha ya nyimbo zaidi ya 150 ambazo mameneja walishauriwa wazifikirie mara mbili. Nyimbo zote za kundi la Rage Against the Machine zilikuwemo. Kampuni ilisema si marufuku, na kweli haikuwa marufuku. Nani anahitaji marufuku mwajiri akishakuonyesha orodha?

Machi 2003, siku chache kabla ya vita vya Iraki, Natalie Maines wa Dixie Chicks, kundi la muziki la huko Texas, alisema jukwaani London kwamba wanaona aibu Rais wa Marekani kutoka Texas. Kundi hilo lilikuwa na wimbo uliokuwa kileleni mwa chati za kantri. Cumulus Media, kampuni nyingine kubwa ya redio, ikaviamuru vituo vyake 42 vya kantri visiwapige. Huko Colorado Springs watangazaji wawili wa kituo kimoja walisimamishwa kazi kwa kuwapiga. Julai mkuu wa Cumulus aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, na Seneta John McCain, aliyeunga mkono vita, akambana: msimamizi wa kituo kuamua ni sawa, kwa nini agizo litoke makao makuu? Swali lake silifikii kwa ubora. Kituo kimoja kikikataa wimbo, unageuza kitufe unautafuta kwingine. Vituo 42 vikikataa kwa agizo la ofisi moja, unageuza kitufe unakutana na agizo.

Kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua atasema hayo ni ya zamani, sasa kuna intaneti. Kweli mambo yamebadilika: Clear Channel yenyewe ilibadili jina mwaka 2014 ikawa iHeartMedia, na mwaka 2018 ikaomba kinga ya mahakama ya mufilisi, imelemewa na deni la takriban dola bilioni 20. Januari 2020 ikapunguza watangazaji wake wengi wa mijini. Nafasi kama hizo huzibwa kwa mtindo huu: mtangazaji anarekodi sauti yake kwenye mji mmoja, inapachikwa kati ya nyimbo za kituo cha mji mwingine ambao huenda hajawahi kuukanyaga, na anawatakia wenyeji asubuhi njema.

Upande wa pili kuna vituo vidogo vya wati 100, ambavyo Tume iliviruhusu mwaka 2000. Mwaka huohuo wakubwa walilishawishi Bunge livibane, kwa madai kwamba vitaingiliana na masafa yao. Utafiti ulioagizwa na Bunge lenyewe haukuliona tatizo hilo kuwa kubwa, na hata hivyo sheria ya kuvifungulia njia haikutiwa saini mpaka Januari 2011. Wati 100 ni nguvu ya balbu moja ya kizamani. Inafika kilomita tano au sita, ikipata mlingoti mzuri. Kituo cha namna hiyo kiko ndani ya mji kinaotangazia, na wanaokiendesha wanaishi humo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kipaza sauti kiende kwa yule kijana wa nyuma.