Kabla ya Kuwarudisha Nyumbani, Ulizeni Chumba

Nimelisema hili kwenye vikao vingi vya mji huu wa Mwanza na leo nalirudia, maana swali la waajiri ni lile lile: "Wafanyakazi wakifanyia kazi nyumbani si watalala?" Jamani, ofisini hawalali? Nani hapa hajawahi kuona koti limetundikwa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi, mwenyewe yuko sokoni Kirumba? Kusaini daftari la mahudhurio si kufanya kazi.

Mimi nauliza jingine: huyo mfanyakazi ana chumba?

Wengi mnanitajia Ctrip, kampuni ya China ya kupanga safari, kwamba huko kazi za nyumbani ziliongezeka. Haya, tuusome utafiti wote, tusiishie kwenye asilimia. Kuanzia mwaka 2010, Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wapokea simu wa kampuni hiyo kwa miezi tisa. Waliofanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki walifanya kazi zaidi ya wenzao wa ofisini kwa asilimia 13. Karibu 9 zilitokana na dakika nyingi zaidi kazini: mapumziko yalipungua, na siku za kuugua vilevile. Zilizobaki zilitokana na simu nyingi zaidi kwa kila dakika, na wao wenyewe walisema nyumbani kumetulia. Kumetulia! Kungekosaje kutulia, wakati hukukubaliwa kushiriki bila intaneti ya kasi na chumba chako cha kufanyia kazi. Sharti hilo sijamsikia mwajiri yeyote akilitaja.

Sasa njooni Mabatini, pale juu kwenye mawe. Chumba na sebule, watu watano. Mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, wapangaji wanne, na umeme ukiisha linaanza shauri la nani hajachanga. Jirani kafungulia redio, muuza sato anapita na honi ya baiskeli, na mama mkwe akimwona binti kakaa na kompyuta anajua hana kazi, anamtuma maji. Huyo ndiye unamdai asilimia 13?

Utaniambia, "Mwalimu, wetu wanakaa Capri Point, kwa wenye nacho." Meneja wako, labda. Karani je?

India, wakati wa Uviko-19, kampuni moja ya teknolojia iliwahamishia nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000. Saa za kazi ziliongezeka, kazi iliyotoka haikuongezeka, tija, yaani kazi kwa kila saa, ikashuka kwa asilimia 8 hadi 19. Wenye watoto nyumbani ndio walioathirika zaidi. Mvivu gani anaongeza saa za kazi?

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka haraka. Kampuni ile ile ya China, sasa Trip.com, baadaye ilijaribu siku mbili tu za nyumbani: walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na kazi haikudorora. Kuhusu vyeo, wale wa nyumbani katika utafiti wa kwanza walipandishwa mara chache kuliko walivyostahili kwa kazi yao. Hilo lina mhadhara wake. Suala la nani alipie bando la intaneti sikuligusa; msidhani nimelisahau.

Haya, maswali. Mafupi, tafadhali, siyo hotuba.