Kuusoma mshipa wa fedha: kutoka jiwe la mkononi hadi uchorongaji

Assalaam alaykum, ndugu watazamaji. Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja ni mawe ya chokaa ya matumbawe, kwa hiyo fedha hatutaitafuta Makunduchi. Jiwe lililopo mezani, hapa Mji Mkongwe, ni mbale, yaani mwamba wenye madini, ya metali ya risasi yenye fedha ndani yake, ya aina iliyokuwa ikichimbwa Mpanda, huko bara, katika miaka ya 1950.

Kwanza, tazameni mikanda yake. Maji ya moto yaliyobeba madini yalipanda kupitia ufa wa mwamba, na kila yalipopoa yaliacha tabaka juu ya tabaka, kuanzia kingo za ufa kuelekea katikati; ufa huo uliojaa ndio mshipa.

Pili, usugueni ukanda wa kijivu kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'arishwa. Ukiacha alama ya kijivu cha risasi, na jiwe likawa linakatika kwa pembe za mraba, hiyo ni galena, madini yenye risasi. Sehemu nyeupe itwangeni kidogo, kisha ule unga udondosheeni siki. Ukitoa povu, kama utoavyo unga wa jiwe la matumbawe, ni kalisaiti, madini ya chokaa. Usipotoa, na jiwe likakwaruza kioo, ni kwatzi, madini magumu yaliyomo pia katika mchanga. Tafadhalini, naweni mikono vizuri, kwani risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Hapa ndipo wengi hupotea: mng'aro huu wote si wa fedha. Fedha yenyewe imejificha ndani ya galena kwa vichembe ambavyo jicho haliwezi kuviona, na ni maabara tu itakayosema ni gramu ngapi katika kila tani.

Uwandani, sampuli za udongo huchukuliwa kwa mistari inayoukata mshipa, na risasi ndiyo dalili ya kufuatwa, kwa kuwa haichukuliwi na maji upesi kama zinki.

Mwisho ni uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, na hapa naomba utulivu wenu. Mche, yaani kipande kirefu cha mviringo cha mwamba kilichotolewa shimoni, ukionesha mshipa wa mita 2, msiandike mita 2 mkaridhika. Pimeni kwanza pembe iliyopo kati ya mshipa na mhimili wa mche, yaani mstari wa katikati unaopita urefu wake: ikiwa ni nyuzi 30, unene halisi ni mita 1 tu, na aliyeandika 2 amezidisha akiba ya madini maradufu. Andikeni vipimo vyote viwili kabla mche haujapasuliwa kwa msumeno; nusu moja iende maabara, na ya pili ibaki sandukuni kwa ajili ya kuhakikiwa.