Mnara wa Moto Ukirudi, Nani Atakaa Juu?

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya kikundi cha kujitolea)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotumikia misitu, nanyi wanakikundi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie mnara wa kuangalizia moto uliokuwa juu ya shamba la miti, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ambao leo umebakiwa na misingi ya zege iliyofunikwa na magugu, na ambao ninyi mnakusudia kuujenga upya. Wazee wamekwisha kutueleza ulivyokuwa ukionekana kutoka barabarani. Mimi nitazungumzia kazi iliyofanyika juu yake, kwa sababu kazi hiyo husahaulika mapema kuliko mbao na mabati.

Mlinzi wa mnarani hakutakiwa kutangaza tu kwamba ameona moshi. Alitakiwa aseme uko wapi, tena kwa namna ambayo mtu aliyekaa bondeni bila kuona chochote angeweza kulipeleka gari mahali hasa panapowaka. Chombo chake kikuu kilikuwa meza ya duara iliyobandikwa ramani, ambayo kitovu chake ni mnara wenyewe na ukingo wake umegawanywa nyuzi 360. Mlinzi huzungusha kilengeo mpaka kielekee kwenye shina la moshi, wala si kilele chake, kwa kuwa kilele kimekwisha kusukumwa na upepo. Husoma nyuzi, kisha huzitaja kwa redio. Chombo cha aina hii kilichopata umaarufu zaidi kilibuniwa na William Osborne, mtumishi wa idara ya misitu ya Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, na bado kipo kazini katika minara kadhaa huko. Hata hivyo, mnara mmoja hutoa mwelekeo peke yake. Mlinzi wa kilima cha pili anaposoma nyuzi zake, mistari miwili hukatana kwenye ramani, na hapo ndipo moto ulipo. Nyuzi moja ikikosewa kwa moto ulio umbali wa kilomita 20, watu watapelekwa takribani mita 350 kando ya mahali penyewe, na katika korongo lenye miti mirefu hiyo si tofauti ndogo.

Wamarekani waliingia katika ujenzi wa minara kwa nguvu baada ya msiba. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, moto ulioenezwa na upepo mkali uliteketeza takribani hekta milioni 1.2 katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington, ukaua watu wasiopungua 85, wengi wao wakiwa wazimaji. Kuanzia 1933 vijana walioajiriwa katika mpango wa serikali wa kupunguza ukosefu wa kazi walijenga minara mingine mingi. Baadaye zikaja ndege, walinzi wakapunguzwa, na minara mingi ikabomolewa au kuchomwa na wenyewe wenye misitu. (Ndiyo, mnara wa moto ukachomwa moto.) Mwaka 1990 wapenzi wa minara hiyo waliunda chama chao, na tangu wakati huo watu wa kujitolea wamekuwa wakiitengeneza iliyosalia. Baadhi yake sasa hukodishwa kwa wageni wanaotaka kulala juu. Mingine ina mlinzi kila kiangazi. Ningependa mtafakari tofauti hiyo kabla ya kuchora ramani yoyote ya ujenzi.

Sisi nasi hatukosi sababu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kwenye njia ya kwenda kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro, na hadi ulipodhibitiwa ulikuwa umepita katika eneo la takribani kilomita za mraba 95, huku mamia ya watu wakipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Oktoba 2022 moto ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga. Sitadai kwamba mnara wenu ungeyazuia hayo. Maeneo hayo yako juu sana na upande mwingine wa mlima. Moto unaouhusu mnara wenu ni ule wa shamba linaloandaliwa, wa mchoma mkaa, au wa mrina asali aliyeacha kijinga cha moto chini ya mti, unaopanda taratibu kuelekea misindano na misaiprasi.

Kijana mmoja ameniuliza mlangoni kwa nini tusitegemee setilaiti. Ni swali la haki. Setilaiti zinazotumika sana hupita mara chache kwa siku, wingu huzifumba, na kila nukta ya picha zake bora za moto ina upana wa mita 375 hivi. Zinafaa sana kwa moto uliokwisha kukua. Macho ya mtu huona moshi ukiwa bado mwembamba, na mtu mzoefu huutofautisha na vumbi la ng'ombe au ukungu unaoachia makorongo asubuhi.

Kwa hiyo maoni yangu, ambayo huenda yasiwafurahishe waliokwisha kukadiria gharama za mbao, ni kwamba mjenge jukwaa la kawaida lenye ngazi imara, na fedha itakayobaki mweke kwa posho ya walinzi wawili wa kupokezana katika miezi ya ukame. Mkitaka kumbukumbu tu, misingi ile ikifyekwa na kuwekewa kibao inatosha, na haina aibu yoyote.

Jumamosi ijayo, ofisi ya shamba ikituruhusu, tutapanda na nguzo ndefu, dira na darubini. Miti iliyopandwa baada ya mnara kuanguka imekua sana, na sina hakika kwamba kutoka pale bado bonde linaonekana. Lisipoonekana, itabidi tutafute kilima kingine, na wazee ndio watakaotuambia kipi.